Kadi ya kwanza kwa mtoto ambaye hajaanza kusema

Anza na kadi moja ya picha, ambayo mtoto ataikabidhi ili kuomba kitu anachokipenda kweli. Kama ni ndizi, piga picha ndizi yenu ya nyumbani, ichapishe steshenari yoyote pale Moshi mjini, sentimita 5 kwa 5, iwekewe plastiki ngumu. Plastiki inayong'aa mno huakisi mwanga wa dirishani, mtoto akaona weupe mtupu.

Mnahitajika wawili. Mmoja akae mbele ya mtoto ameshika ndizi, kimya. Mwingine nyuma, amwongoze mkono achukue kadi na kuikabidhi. Apewe kipande papo hapo, huku aliye mbele akisema "ndizi". Msimuulize "unataka nini?" Atazoea kungoja aulizwe. Na jamani, msimnyime mpaka atamke! Kadi hazimzuii kusema. Zikae anapozifikia, si juu ya kabati.