Nguzo za Kalokol

Kutoka Lodwar kwenda Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, dereva alinitoza nauli ya watu watatu, halafu akanishusha kando ya barabara akidai mawe hayana shida, nitayaona. Ni kweli niliyaona: nguzo 19 nyeusi, nyingi zikiishia kiunoni, zimeinama kila moja upande wake. Kivuli hakuna, na maji ya chupa yalikuwa yameshapata moto.

Nilichokifuata kule ni nyota. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo hizi zilisimamishwa mnamo mwaka 300 K.K. kuelekea nyota ambazo Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, huhesabia kalenda yao. Nikachuchumaa nyuma ya moja nijaribu kuona inaelekea wapi. Jiwe lina pembe zilizonyooka utadhani limechongwa, kumbe ni lava iliyopasuka hivyo yenyewe ilipopoa. Juu yake vimejaa vijiwe.

Mama mmoja aliyekuwa akiswaga mbuzi akasimama. "Mbona hujawasalimia?"

"Akina nani, mama?"

Hakunijibu. Aliokota kijiwe, akakipuliza vumbi, akakiweka taratibu juu ya nguzo asiangushe vya wenzake. Akaniokotea na mimi changu, akangoja mpaka nilipokiweka. Ndipo akanieleza: hawa walikuwa watu wakicheza ngoma, akaja mgeni, wakamcheka, wote wakageuka mawe palepale. Alisimulia kama habari ya jirani zake, kisha akawafuata mbuzi wake.

Tangu hapo nyota zimenitoka moyoni. Kule Lothagam, upande huohuo wa ziwa, watafiti walichimba kwenye nguzo kama hizi wakakuta wafugaji wa miaka 5,000 hivi iliyopita wamezikana pamoja, watu wasiopungua 580, wake kwa waume na watoto, wengi na mapambo yao. Ziwa lilikuwa likikauka, malisho yakihama, nao wakabeba mawe mazito kwa ajili ya wafu wao. Hilo linaniingia akilini kuliko kalenda.

Sisi wa Malindi tuna kaburi la mnara karibu na Msikiti wa Juma. Mtaani kwangu sijapata mtu wa kunitajia aliyelala pale, na hakuna aliyewahi kuniambia ule mnara ni wa kupimia nyota. Watu hupita tu na pikipiki zao. Nikirudi nitasimama pale, nisalimie.