Kuuzunguka mnara wa Eiffel kwa Boeing 737

Mara ya kwanza nilipojaribu kuuzunguka mnara wa Eiffel kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, niliuona kwa sekunde chache tu. Ulitokea kwenye kioo cha mbele, ukapita ubavuni, ukapotea. Nikakata kona, nikaendelea kukata, na nilipomaliza kugeuka mnara ulikuwa kama kijiti cha kiberiti upande wa pili wa Paris. Nilirudia mara tano, yakawa yale yale.

Nilikuwa nimezoea vindege vya injini moja, ambavyo huzunguka mahali kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikadhani ndege kubwa ni kile kile, ila kizito zaidi. Nikailaumu joistiki, ile fimbo ya kuongozea ndege, nikabadili mipangilio yake usiku kucha bila faida. Ndipo nikachukua karatasi na kalamu.

Ukubwa wa mduara wa ndege unategemea mambo mawili tu: mwendo na jinsi ulivyoyainamisha mabawa. Uzito haumo. Na mwendo ndio wenye ukali, kwa kuwa ukiuongeza mara mbili, mduara unatanuka mara nne. Mimi nilikuwa nakwenda noti 250, yaani kama kilomita 463 kwa saa, nikiwa nimeinamisha nyuzi 25 kama inavyofanya otopailoti, mtambo wa kuiongoza ndege bila rubani kushika usukani. Hesabu ikanipa umbali wa kilomita 3.6 kutoka katikati ya mduara hadi kwenye ndege. Mnara wenyewe una mita 330. Ningeuonaje?

Basi nikapunguza mwendo. Niliondoa abiria wote (wa kwenye kompyuta hawalalamiki), nikabakiza mafuta kidogo, nikashusha flapu (vipande vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia kwenda polepole) hadi namba 5 na kutulia kwenye noti 170. Hapo uzito unahusika kwa mlango wa nyuma: ndege nyepesi inaweza kwenda polepole bila kuanguka. Mduara ukanywea hadi kilomita 1.7 kutoka katikati, na mzunguko mmoja ukachukua dakika mbili hivi. Pia niliacha kuzunguka kwa kulia. Nahodha hukaa kushoto, kwa hiyo ukigeuka kulia kivutio kinamfaidi msaidizi wako, na msaidizi wangu ni kiti kitupu.

Siku moja, kwa uvivu, nilitaka kuufinya mduara bila kupunguza mwendo zaidi, nikainamisha nyuzi 60. Kwenye mwinamo huo, ukitaka kubaki kwenye kimo kile kile, mabawa yanabeba mara mbili ya uzito wa ndege, na mwendo wa chini kabisa wa kubaki hewani unapanda kwa asilimia 41. Usukani ukaanza kutetemeka, pua ikaanguka, nikatua mtoni Seine pasipo kukusudia.

Lakini kilichonitesa kuliko yote ni upepo. Siku tulivu nilizunguka vizuri, nikajiona fundi. Nikawasha hali halisi ya hewa, upepo ukiwa noti 30, na mduara wangu ukageuka yai linalosogea kuelekea vitongojini. Upepo ukiwa nyuma yangu nilikuwa napita juu ya ardhi kwa noti 200. Ukiwa usoni, 140. Kwa hiyo mwinamo mmoja haufai mzunguko mzima. Unapokwenda na upepo inabidi uinamishe hadi karibu nyuzi 33, na unapopingana nao urudi hadi 17 hivi. Nyuzi 33 ni kucheza karibu na moto, kwa sababu zikifika 35 kuna sauti ya kompyuta inayokukaripia kuwa umeinama mno. Ilinikaripia sana. Baada ya wiki mbili nikaacha kutazama namba. Nikachagua doa moja kwenye kioo cha ubavuni na kazi yangu ikawa kuhakikisha mnara hautoki kwenye doa hilo. Ukiteleza kuelekea nyuma, naongeza mwinamo. Ukikimbilia mbele, napunguza. Ila usiukodolee macho. Nilipoukodolea, nilipoteza futi 400 bila kujua. Sasa natazama nje kwa pumzi mbili, ndani kwa pumzi moja.

Arc de Triomphe, lile tao kubwa la Paris, nayo nilijaribu kuipita katikati, nani asingejaribu? Mwaka 1919 rubani Charles Godefroy alipita katikati yake kwa ndege ndogo ya kivita. Uwazi wa tao ni kama mita 14.6, na mabawa ya 737-800 yana mita 35.8. Sihitaji kueleza. Daraja la Golden Gate kule Marekani lina nafasi tele: minara yake imeachana mita 1,280 na chini kuna mita 67 hadi majini. Bahati mbaya, mandhari niliyokuwa nikitumia ilikuwa imechora daraja kama ukuta mzima hadi chini, nikagonga hewa iliyo wazi. Hilo bado linaniudhi.

Kisha nikaenda Kilimanjaro, nikijua kabisa kwamba sheria zangu zote zitavunjika. Kilele kiko mita 5,895, karibu futi 19,340, nami nilitaka kupita kwenye futi 21,000. Flapu za 737 haziruhusiwi juu ya futi 20,000, kwa hiyo ile hila ya kwenda polepole ilikufa. Tena hewa ya kule ni nyembamba: kipimo kinasema noti 220, kumbe ndege inakwenda karibu 300. Mduara ukawa zaidi ya kilomita 5 kutoka katikati, mkubwa kuliko ule ulionishinda Paris.

Nikainamisha nyuzi 25, nikageuza kichwa kushoto. Kibo, kilele kikuu cha mlima, yote ilikuwa palepale kwenye doa langu: kreta yenye upana wa kilomita 2 na ushei, kuta za barafu pembezoni, shimo la majivu katikati, na Mawenzi, kilele cha pili, ikijitokeza chini upande wa mashariki kila nilipoifikia. Mlima ule ulikuwa saizi ya ndege yangu. Nilizunguka mara nne bila kugusa chochote, mpaka taa ya mafuta ikawaka.