Kaa wa stoo: wiki ya pili, na kosa la saa sita

Kaa wote watatu wamerudi ufukweni leo, wazima. Naandika kabla sijasahau nilivyojipoteza.

Hawa ni wale wadogo wa kwenye mikoko ya Mikindani, dume ana gando moja kubwa analolipunga kama anayesimamisha bodaboda. Maji yakikupwa wanatoka kula, wanachuja tope mdomoni na kuacha vidonge vya mchanga mlangoni. Maji yakirudi, kila mmoja anaziba shimo lake kwa donge la tope. Nilitaka kuona kama watajua saa ya kutoka wakiwa mahali pasipo bahari wala jua.

Mtambo wenyewe ni kopo la plastiki la mstatili juu ya penseli, ndani tope bichi na kaa mmoja. Akihamia upande wa pili kopo linainama na kugonga kigae: tak. Makopo matatu, stoo yenye giza mchana na usiku. Kila saa tunahesabu "tak" kwa dakika kumi. Mchana niko kazini, kwa hiyo alihesabu mpwa wangu, yuko likizo. Usiku ni mimi, mpaka saa saba tu. Zaidi ya hapo siwezi kudanganya.

Tulianza siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Namba zangu za usiku zikaonyesha kaa wanachangamka maji yakiwa yamekupwa. Za mpwa zikasema kinyume: 4:00, maji yamejaa pomoni! Nikakumbuka kwamba mwaka 1958 Ernest Naylor alionyesha kaa wa pwani wa Ulaya, Carcinus maenas, wakifuata mwendo wa maji hata ndani ya maabara, ila wale huchangamka maji yanapojaa. Basi, nikajiaminisha kwamba wangu wana tabia zote mbili.

Jumamosi nikamuuliza kuhusu hiyo 4:00.

"Mjomba, si saa nne? Ulikuwa umeshaenda kazini."

Saa nne ya asubuhi. Simu yangu na jedwali la maji vinaiita 10:00. Kosa la saa mbili ningelishtukia, lakini kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, kwa hiyo hili liligeuza bahari nzima juu chini bila kuacha alama.

Baada ya kusahihisha: siku ya kwanza kilele cha mchana saa nne, ya pili karibu saa tano, ya nne kati ya saa sita na saa saba. Wanasogea kama dakika 50 kila siku, sawasawa na maji, maana mwezi nao huchukua saa 24 na dakika 50 hivi kurudi pale pale angani. Siku ya tano kopo moja likavurugika, likawa linagonga ovyo. Ya sita yakawa mawili, nikasema inatosha.

Tutarudia wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu. Mpwa ameshachukua kalamu nyekundu, na kwenye jedwali la maji kando ya kila 10:00 ameandika: saa nne.