Mlimani kwa Mchunga Baghala

Ukitoka La Cañada, barabara ya Angeles Crest inapanda kona juu ya kona, huku jabali, huku korongo. Kileleni Mount Wilson, mita 1,740 hivi, kinachokupokea kwanza ni minara ya televisheni ya Los Angeles, mirefu na mibaya. Makuba ya darubini yamejificha kwenye misonobari.

Wageni wengi hupanda huku kwa ajili ya mwanaastronomia Edwin Hubble. Oktoba 1923 aliipiga picha Andromeda, doa la mwanga angani ambalo wengi walidhani limo ndani ya galaksi yetu, akakuta humo nyota inayong'aa na kufifia kwa mpangilio, akaandika "VAR!", yaani nyota inayobadilika, kwenye kioo cha picha. Kwa kanuni ya mwanaastronomia Henrietta Leavitt, kwamba nyota ya namna hiyo kadiri inavyochelewa kufifia na kung'aa tena ndivyo mwanga wake halisi ulivyo mkali, alipata umbali wa karibu miaka 900,000 ya nuru. Siku hizi tunasema milioni 2.5, lakini hata hesabu yake ilitosha kuitoa Andromeda nje ya galaksi yetu.

Mimi nilikuwa na mtu mwingine kichwani. Milton Humason aliacha shule mapema, akawa anaswaga baghala waliopandisha vifaa vya ujenzi mlimani. Mwaka 1917 akaajiriwa kufagia. Baada ya miaka michache akawa mtafiti.

Darubini ya Hooker, yenye kioo cha mita 2.5, tuliitazama kutoka chumba cha wageni. Haina bomba lililozibwa; ni fremu ya vyuma vilivyopigwa ribiti, kama daraja la reli. Kuba halipashwi moto, maana hewa ya moto huchezesha taswira. Humo ndimo Humason alipokesha na baridi, jicho kwenye lenzi, akirekebisha mwendo wa darubini asije akapoteza shabaha. Galaksi NGC 7619 ni hafifu mno: picha moja ya mwanga wake, uliotawanywa kwa rangi zake, ilimla saa 33, nyingine saa 45. Kukikucha anafunika, usiku anaendelea na kioo kilekile cha picha. Kwa jinsi mwanga huo ulivyosogea upande wa wekundu, akapata kuwa inatukimbia kwa kilomita 3,779 kwa sekunde.

Mwaka huohuo, 1929, Hubble alitoa hoja kwamba galaksi kadiri ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Kanuni ikaitwa ya Hubble, na mimi hapo huwa nanung'unika kidogo. Angalau Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kilimtunuku Humason udaktari wa heshima mwaka 1950, yeye ambaye sekondari hakuimaliza.