Ukurasa wa 86

Jumapili iliyopita nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, binti yangu akanijia na rundo la karatasi lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Yuko darasa la tatu na mwaka huu ugonjwa wake ni kuhesabu. Anahesabu ngazi za kanisani, viti vya daladala, mbegu za ndimu. Siku hiyo alikuwa amelivuta boksi la chini ya kitanda, lile ambalo mama yake amelisemea miaka nenda rudi, akaanza na kurasa.

"Baba, hapa kuna 85, halafu 87. Hiyo 86 umeipeleka wapi?"

"Anayo Bibi wa Ukerewe."

"Si alishakufa?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa kama karani aliyekabidhiwa stakabadhi yake, akarudi kuhesabu. Chai yangu ikapoa.

Mnaonisoma tangu zamani mnaikumbuka Juni 2018, sina haja ya kuirudia yote. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikuwa zimetoka Machi. Mwenye blogu, aandike habari za bunge au za kuku wake, alitakiwa awe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni yenyewe na 1,000,000 nyingine za kila mwaka. Asiyekuwa nayo afunge ifikapo tarehe 15 Juni. Akikaidi, faini isiyopungua 5,000,000 au jela isiyopungua miezi 12, au vyote viwili. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Milioni mbili na laki moja ilikuwa mshahara wa miezi sita, nisile, nisipande daladala.

Na niliandika nini cha maana hivyo? Bei ya vitunguu. Umeme kukatika fainali inapoanza. Dereva bodaboda aliyenibeba kutoka Kirumba huku akilia kwa sababu mchumba wake amemwacha, nikajikuta namshauri kwenye mataa. Ndiyo hayo. Mke wangu alisoma kipengele cha adhabu mara mbili, akaniambia, "Baba watoto, ukifungwa kwa ajili ya vitunguu mimi siji kukuona."

Nikafunga. Ila kabla ya kufunga nilitia kila kitu kwenye flashi, nikaenda kwa kijana wa steshenari kuprinti. Mpaka leo nikipita mahali mashine inatoa kopi, ile harufu ya karatasi ya moto hunirudisha pale, nimesimama na flashi mkononi kama mtu aliyeleta kipimo maabara. Kijana akatazama idadi ya kurasa. "Bro, hii ni risechi ya chuo?" Nikamwambia ni mambo ya vitunguu. Akacheka. Bei ilikuwa 200 kwa ukurasa, nikambembeleza akashuka hadi 150. Kurasa 140: elfu ishirini na moja. Nilipokuwa nahesabu noti ndipo nikagundua kwamba nimelipa asilimia moja kamili ya bei ya leseni. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko lilivyostahili.

Sasa, kwa nini nikazipeleka Ukerewe? Nikisema ukweli, ni woga. Hakuna aliyenitafuta, hakuna aliyejua hata nakaa mtaa gani, lakini nilijishawishi kwamba karatasi zile zisikae nyumbani. Nikazitia kwenye mfuko wa salfeti, juu yake nikaweka sukari na sabuni za Bibi, nikapanda meli ya Nansio. Saa tatu na zaidi ziwani nimeukumbatia mfuko kama mtu aliyebeba siri za nchi. Mama mmoja jirani yangu akaniuliza kama nimebeba vifaranga.

Mle melini nilijilinganisha hata na Mzee Kitereza wa Kagunguli, aibu hii naikiri. Yule Mkerewe alimaliza kuandika riwaya yake kubwa mwaka 1945, kwa Kikerewe, akakosa wa kuichapa, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980, na mwaka 1981 akafariki. Miaka thelathini na mitano anangoja kusomwa! Mimi nilikuwa na siku tatu tu tangu nifunge, tayari nimeshajipa cheo.

Bibi nilimkuta nje, anaanua dagaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, babangu." Mimi nina jina la baba yake, kwa hiyo kwake nilikuwa babangu siku zote, hata aliponichapa. "Umeacha kazi?"

Nikamweleza. Nilianza na neno blogu, akalirudia, "bilogu," akalikataa. Nikasema ni kama daftari, ila limetundikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kulisoma. Nikafika kwenye leseni.

"Kama ile ya uvuvi?"

"Kama ile ya uvuvi."

"Basi si ulipe."

Nikamtajia kiasi. Akaacha kuanua. "Kwa hela hiyo unapata mtumbwi na nyavu zake," akasema, kisha akaongeza, "na mtumbwi unaleta samaki."

Nikamwomba anifichie mfuko. Akasema hawezi kuficha kitu asichokijua, alete miwani kwanza.

Hapa lazima niwaeleze kidogo kuhusu Bibi na kusoma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wilaya sita zikapewa kazi ya kufuta ujinga wa kutosoma hadi mwisho wa 1971. Ukerewe ilikuwa mojawapo. Kisomo, ndivyo walivyokiita, na Bibi alikiita hivyo mpaka mwisho: "nilipokuwa kisomo," kama vile ni mji aliowahi kuishi. Walikaa chini ya mwembe saa za jioni, wamama wenye watoto mgongoni, wakifundishwa na walimu wa shule na wakati mwingine na mtoto wa darasa la saba ambaye mchana alikuwa amewatekea maji. Cheti chake alikitunza kwenye kopo la biskuti pamoja na kadi ya ubatizo. Nilikuwa najua yote hayo. Kilichonipita ni kwamba katika miaka yangu yote sikuwahi kumwona Bibi anasoma kitu kirefu kuliko kitabu cha nyimbo, na nyimbo alizijua kwa moyo.

Akaketi kwenye kigoda, miwani imefungwa kamba upande mmoja. Akaniomba kijiti cha kiberiti. Nikadhani anataka kuchokoa meno. Akakilaza chini ya mstari wa kwanza, akaanza kukisogeza.

Sijui niwaelezeje kasi ile. Kijiti kilikwenda kama mtu anayepita kwenye matope akiwa na mzigo: hatua, anapima, hatua. Midomo inacheza bila sauti. Akifika mwisho wa mstari anakiinua kijiti, anakirudisha kushoto, anakishusha, na kabla hajaendelea anakigonga mara moja kwenye karatasi, tok, kama anapiga muhuri. Kile nilichokiandika kwa dakika ishirini nikiwa nakula karanga, yeye alikipitia neno kwa neno kwa muda mrefu hata kuku wakaja wakaanza kula dagaa, nami sikuthubutu kuwafukuza. Nilianza kuyaona maneno yangu yalivyojaa makapi. Kila "kwa kweli" niliyoiweka bure, kijiti kilipita juu yake kwa jasho. Kuna sentensi moja ilikuwa na "kimsingi" mara mbili. Nilitamani kumwomba radhi.

Kwenye bodaboda anayelia alicheka mpaka akavua miwani. Kwenye vitunguu akasema, "Hii bei ulidanganywa." Mahali nilipoandika kwamba dagaa huanikwa siku mbili, akanitazama juu ya miwani. "Jua likiwa kali ni siku moja. Siku mbili ni wavivu." Akaendelea. Siku ile akala kurasa nne. Kesho yake akaamka nazo, akaacha hata kwenda shambani. Nikapika mimi, ugali wa muhogo ukawa na madonge, hakusema kitu. Tangu nianze kuandika sikuwahi kuwa na msomaji wa namna ile. Nilikuwa na watu arobaini kwa siku, hamsini zikinyesha mvua, mmoja wao yuko Muscat, na nilikuwa nikiwaona kama namba tu kwenye kihesabio.

Siku ya tatu hakufuata mpangilio. Alikuwa anafunuafunua, na nadhani aliliona neno kisomo kwa mbali, maana alisimama palepale. Ukurasa wa 86.

Nilikuwa nimesahau kwamba umo. Naapa nilikuwa nimesahau.

Wale mliousoma mwaka 2016 mnajua ulihusu nini: sababu iliyomfanya aende kisomo, na bahasha fulani iliyokuwa ikija kwa Babu. Naomba mnisitirie. Niliuandika vizuri, nadhani ndiyo ulioandikwa vizuri kuliko zote, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Kijiti kikaenda. Mstari, tok. Mstari, tok. Katikati ya ukurasa hakikugonga tena. Nikawa nasikia mashine ya kusaga kwa jirani. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena, safari hii bila kijiti, na haraka kuliko nilivyodhani anaweza.

"Haya nani kakwambia?"

"Shangazi."

"Shangazi yako alikuwa na miaka mitatu."

Nikanyamaza.

"Na limetundikwa mahali kila mtu anasoma?"

"Lilikuwa. Nimeshalishusha, Bibi."

"Walisoma wangapi?"

"Wachache."

"Wachache kama nani?"

"Kama... watu wa kanisani."

"Kanisani Jumapili, au kanisani Krismasi?"

"Krismasi," nikasema. Hata hapo nilikuwa nimepunguza. Kihesabio kilikuwa kimepita 1,900, maana yule wa Muscat aliwasambazia wenzake.

Nikamuuliza kama ni uongo. Nilitaka sana aseme ni uongo, ningeomba msamaha wa mtu aliyekosea habari, huo ni msamaha mwepesi. Hakusema ni uongo wala kweli. Alisema neno moja: "Hukuniuliza." Mimi niliyevuka ziwa zima nikinung'unika kwamba nimedaiwa kibali cha kuandika.

Kisha akaukunja ule ukurasa mara moja, mara mbili, ukawa mdogo kama noti, akaufunga kwenye pindo la kanga, pale anapofungia hela. Akakaza fundo kwa meno. Kurasa zilizobaki akazigongesha magotini zikae sawa, akaniambia, "Haya mengine ni mazuri. Uniachie, bado sijamaliza." Akaniuliza kama nimewapa kuku maji.

Usiku tukala kama kawaida. Asubuhi akanisindikiza hadi njia ya bodaboda na mfuko wa machungwa. Hatukulizungumza tena, siku ile wala miaka iliyofuata.

Alifariki nikiwa nimeshaanza kuandika tena. Kanuni zimebadilishwa mara kadhaa tangu wakati ule, na mambo yangu nayo yakabadilika kidogo, nisiwachoshe. Nilipoyarudisha maandiko ya zamani niliyarudisha yote isipokuwa hilo. Baada ya arobaini Shangazi alinikabidhi rundo, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila ukurasa una ukungu wa kidole pembeni, mpaka wa 140, kwa hiyo alimaliza. Kwenye kopo la biskuti nilikuta cheti cha kisomo, kadi ya ubatizo, risiti ya bati za nyumba. Nikatazama hadi chini ya kopo. Kanga zake zilikuwa zimeshagawiwa, na sikuwa na uso wa kumwendea mtu mmoja mmoja nikimwomba akague mapindo.

Flashi ninayo. Iko kwenye droo pamoja na funguo ambazo hatujui ni za mlango gani. Sijaifungua, ingawa siwezi kusema ni heshima. Inawezekana naogopa kukuta kwamba haikuandikwa vizuri hivyo.

Jioni ya Jumapili ileile nilikwenda kulirudisha rundo kwenye boksi. Binti yangu alikuwa amechana karatasi kwenye daftari lake la hisabati, lenye vyumba, akaandika 86 chini kwa penseli, akaichomeka mahali pake. Juu hakuandika kitu. Mama yake aliniuliza kama nitaitoa, kwa kuwa inaharibu mpangilio. Nikasema nitaangalia.