Jinsi nilivyowafundisha watoto wadogo hatua za kwanza za dansi ya Kiayalandi

Darasa ninalolisimamia mjini Dublin ni la watoto wa miaka mitano hadi minane ambao hawajawahi kucheza, na kazi yangu ni kuwafikisha mahali ambapo kila mmoja anaweza kumaliza rili yake, mojawapo ya aina za dansi hii, bila kushikwa mkono. Mwenye shule ana cheti cha TCRG, ambacho An Coimisiún le Rincí Gaelacha, tume ya dansi za Kiayalandi, humpa mwalimu aliyefaulu mitihani yake. Mimi ni msaidizi wake tu, niliyejifunza dansi hii ukubwani baada ya kuhamia Ayalandi kutoka Mombasa. Kujifunza ukubwani kuna faida moja: bado ninakumbuka ni kiungo gani kilichogoma kwanza.

Anayeitazama dansi hii kwa mara ya kwanza, hasa kama aliifahamu kupitia onyesho la Riverdance lililozinduliwa katika Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, mwaka 1994, huona kifua kimenyooka, mikono imetulia ubavuni na miguu peke yake ikifanya kazi. Kwa hiyo wazazi hudhani kwamba somo la kwanza ni kutuliza mikono, na wapo walimu wanaoanza hivyo. Mimi mikono naiacha ije mwisho. Mtoto wa miaka sita akiambiwa aikaze, hukaza mabega, kisha shingo, kisha magoti, na goti lililokakamaa haliruki. Wiki za mwanzo nawaacha washike viuno vyao au washikane mikono katika duara.

Tunaanza na masikio. Nawaketisha sakafuni, nawapigia rili, ambayo huhesabiwa kwa nne, kisha jigi nyepesi, ambayo mapigo yake huja matatu matatu, nao wanapiga makofi mpaka waweze kunitajia ni ipi inayopigwa. Hapo ndipo tunaposimama kujifunza mwendo wa saba: mtoto husogea upande wa kulia, mguu wa kulia ukiwa mbele na wa kushoto ukiufuata kwa nyuma, bila hata mara moja kuupita. Tunatembea kwanza, polepole, tukihesabu kwa sauti kwa Kiayalandi, a haon, a dó, a trí, hadi a seacht, kwa kuwa hesabu hiyo wanayo tayari kutoka shule ya msingi. Baada ya saba huja miendo miwili ya tatu, yaani ya kuhesabu hadi tatu, papo hapo, halafu safari yote hurudiwa kwenda kushoto, na vipimo vinane vya muziki vinakuwa vimetimia. Mtoto anayeweza kuyatamka hayo yote bila kusogeza mguu huchelewa kidogo tu kuyacheza; anayeruka kabla ya kuyatamka hupotea kila muziki unapoongezwa kasi.

Kilichonichukulia muda zaidi ni kulia na kushoto. Katika dansi hii hatua huchezwa kwa mguu wa kulia, kisha ileile hurudiwa kwa mguu wa kushoto, na hapo darasa zima hugeuka soko. Nilifunga utepe mwekundu kwenye kifundo cha mguu wa kulia wa kila mtoto, nikaacha kabisa kutaja pande na kusema “mwekundu” na “mtupu”. Nilisimama pia nikiwapa mgongo, si uso, ili wasilazimike kugeuza kichwani kila wanachokiona.

Hatua zilipokwisha kuingia miguuni, mikono ilishuka karibu yenyewe. Msichana mmoja mwenye wazazi kutoka pwani yetu, aliyezoea kuona chakacha harusini, aliendelea kuzungusha kiuno, na mama yake akanijia na wasiwasi: “Mwalimu, huyu ataweza kweli?” Nilimjibu kwamba hata Waayalandi wenyewe wana sean-nós, dansi inayopendwa sana Connemara, ambayo huacha mikono huru, na kwamba mtoto anayesikia ngoma kiunoni tayari ameisikia. Nilichomtaka ni kutenganisha tu: kiuno kitulie, mapigo yashuke miguuni.

Jambo ambalo sikubali kulijadili ni sakafu. Kuruka juu ya saruji au vigae huumiza visigino vya mtoto anayekua, kwa hiyo tunacheza juu ya mbao, mazoezi ya kuruka yakiwa mafupi yenye mapumziko, na anayelalamikia kisigino hukaa akapiga makofi. Viatu vigumu vinavyogonga sakafu, ambavyo kila mtoto anavitamani, vinasubiri mpaka viatu laini vya kamba vimezoeleka. Mawigi yenye mawimbi yanayovaliwa mashindanoni nayo yanaweza kusubiri. Kwa maoni yangu, yanawahusu wazazi kuliko watoto.

Kwenye feis yao ya kwanza, yaani mashindano ya dansi, watoto walipanda jukwaani wawiliwawili mbele ya jaji mmoja na mpiga akodiani. Baadhi walisahau mguu wa kushoto, lakini wote walianza kwenye pigo sahihi, na muhula huu tumeingia kwenye jigi nyepesi, utepe ukiwa bado mguuni kwa wale wanaouhitaji.