Pweza Aliyejivika Makombe

Mama yangu alikuja kukaa nasi Chake Chake, Pemba, kwa wiki mbili ili atibiwe goti, na kwa kuwa daktari alimtaka asisimame kwa muda mrefu, ilibidi tumtafutie jambo la kumshughulisha ndani ya nyumba. Mama ni mtu wa Kisiwa Panza, naye hakuzoea kukaa kitako mchana kutwa akiangalia watu wakipita. Bahati nzuri mpwa wangu alikuwa ametuletea kutoka Unguja flashi yenye mfululizo wa vipindi vya bahari uitwao Blue Planet II, uliotengenezwa na BBC na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017. Sehemu zake ni saba, na tuliazimia kutazama moja kila usiku baada ya sala ya Isha.

Msimulizi wa mfululizo huo ni David Attenborough, ambaye wakati unatoka alikuwa na umri wa miaka 91. Nilipomtajia mama umri huo alimtazama mzee yule amesimama mbele ya chombo, upepo ukimpiga, kisha akageuza uso na kunitazama mimi. "Na mimi mwanakwe mnanikataza hata kufika uani," alisema.

Msimulizi anazungumza Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba. Kazi hiyo niliipokea kwa majivuno kidogo, maana Kiingereza ninakifundisha, lakini haukupita muda kabla sijaumbuka. Kila alipotokea kiumbe kipya nilisema "samaki mmoja mkubwa" au "mdudu fulani wa baharini", na mama akawa ananisahihisha bila hata kunigeukia: huyo ni chewa, huyo ni pono, huyo ni dome na si pweza, mbona hujui kutofautisha? Nilipofika kwa kiumbe mwenye miguu mitano nikamwita "nyota ya bahari", neno kwa neno kama lilivyo kwenye Kiingereza, alicheka mpaka akashika goti. "Nyota gani? Hicho ni kiti cha pweza." Wanangu wawili walilipenda jina hilo kiasi kwamba tangu usiku ule walihamisha macho yao, na kila picha ilipobadilika walimwangalia bibi yao kwanza, mimi wakaniacha niendelee kutafsiri peke yangu.

Kuna mandhari moja iliyopigwa katika kisiwa cha matumbawe cha Farquhar, huko Shelisheli. (Mwanangu mdogo aliuliza kama ndiko yanakotoka mashelisheli tunayokaanga, na nilimjibu kwamba swali lake ni zuri kuliko jibu nililo nalo.) Makinda ya buabua yanajifunza kuruka juu ya maji, na chini yao kolekole wakubwa wanawafuata, kisha ghafla samaki anachupa na kumdaka ndege angani. Watoto walipiga kelele. Mama hakustuka hata kidogo. Alisema kwamba samaki kuruka si ajabu, ajabu ni shabaha yake, kisha akawasimulia jinsi mkizi anavyoweza kuchupa mwenyewe na kuangukia ndani ya dau usiku, na kwamba ndiyo maana watu husema hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi. Msemo huo nimeufundisha darasani miaka mingi, na nakiri kwamba sikuwahi kuufikiria kama habari ya samaki halisi aliyeanguka miguuni mwa mtu halisi.

Lakini kilichomshika mama hasa ni pweza. Katika msitu wa mwani mrefu wa Afrika Kusini, pweza jike anakamatwa na papa mdogo mwenye mistari, naye anajiokoa kwa kuingiza minyiri yake ndani ya matamvua ya papa mpaka papa anakosa pumzi na kumwachia. Akifuatwa tena, anaokota makombe na magamba ya chaza kwa minyiri yake, anajifunika mwili mzima kama mtu aliyejizungushia ngao, na papa anabaki akimpapasa bila kuelewa alichokigusa. Mama aliomba turudishe nyuma, tukarudisha mara tatu.

"Sasa sikilizeni," aliwaambia wajukuu zake. "Makombe hayo yamemwokoa kwa papa, lakini kwangu mimi ndiyo yanayomchongea." Akawaeleza kwamba pweza akila hurundika makombe matupu mlangoni pake, na mwanamke aliyezoea pwani, maji yakishakupwa, hatafuti pweza bali hutafuta lile rundo la taka. Mengine yote ni kazi ya mchokoo, ule mti wa kuchokolea tundu. Kisha akawaambia juu ya jike anayelinda mayai yake ndani ya tundu, asile wala asitoke, mpaka mayai yakianguliwa naye hufa. Kule Kisiwa Panza sehemu ya miamba hufungwa kwa miezi kadhaa ili pweza wapate kukua na kuzaa, na mama alikiri kwamba mara ya kwanza alipoambiwa asiende pwani alinuna, akahisi amefungiwa jiko lake mwenyewe. Siku ya kufungua alibadilisha kauli kwa uzito wa pweza aliowabeba.

Niliwasomea kwamba watengenezaji wa mfululizo huo walitumia zaidi ya miaka minne na zaidi ya saa 6,000 chini ya maji. Binti yangu, anayependa hesabu, alichukua kalamu apige saa za bibi yake pwani: bamvua, yale maji makubwa, mbili kwa mwezi, siku nne kila bamvua, saa tatu kila siku, kwa miaka 50. Akapata 14,400. Mama hakuonyesha kuvutiwa na ushindi huo. Alisema wenzake wengi wana zaidi.

Usiku ulioonyesha matumbawe yaliyopauka huko Australia mwaka 2016 haukuwa na kicheko. Mama alisema aliyaona yakiwa hivyo hapa kwetu, mwaka ule wa mvua za El Nino, 1998. Alisema yaliota mvi. Nilikuwa nimetafuta neno la kutafsiri hali hiyo tangu kipindi kianze, na nikaliacha langu.

Nikipata siku kusikia kwamba mfululizo huu unatiwa sauti ya Kiswahili, nitaomba kitu kimoja tu, kwamba kabla ya kumweka msomaji mwenye sauti nzuri, waketi kwanza na wanawake watatu wa pwani wawatajie majina. La sivyo tutaletewa nyota za bahari.

Sehemu ya saba mama hakuitazama. Nilikuwa nimeshawasha televisheni nilipomkuta chumbani anafunga kibegi chake, goti likiwa bado limevimba kidogo. Alisema mwezi umeandama juzi, kesho asubuhi maji yatakupwa, na gari ya kwanza ya kuelekea Mkoani, njia ya kwao, haimsubiri mtu.